Muulize Somo: Mifuko saba ya uzi na kofia hakuna

Somo, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni na kazi yangu iko kisiwani, kwa hiyo kila siku ya Mungu navuka feri mara mbili. Kufuma nilifunzwa shule ya msingi, enzi za 8-4-4, tulipokuwa tukinoa spoku za baiskeli kwenye saruji mpaka zikawa sindano. Nilipomaliza shule nikaacha. Mwaka 2020, kafyu ya korona ilipotufungia ndani, nikarudia, na tangu hapo mikono yangu haijui kukaa bure.

Tatizo ni kuwa kuanza najua, kumaliza sijui. Hivi nikuandikiapo nina mifuko saba ukutani, na kila mfuko mna kazi iliyokwamia njiani.

Mfuko wa kwanza na wa pili ni wa mteja. Ni mama mmoja ambaye wanawe watatu wanasoma bara, upande wa Limuru, kwenye baridi. Alinipa arbuni ya shilingi 1,500 mwezi wa nne, nimfumie boshori tatu (kofia za uzi) za rangi ya damu ya mzee na skafu moja ya binti mkubwa. Boshori ya kwanza ilitoka sawasawa. Ya pili, Somo, mpaka leo sielewi: vitanzi ni mia moja vilevile, uzi ni uleule, sindano ni namba 8 kama ya kwanza, lakini imeizidi mwenzake kwa vidole vitatu. Nilivunjika moyo, ya tatu sijaianza. Skafu nayo imefika sentimita 60, na yatakiwa 150.

Mfuko wa tatu ni shali ya mavyaa wangu aliyeko Wundanyi, kule Taita milimani, ambako mwezi wa saba mtu halali bila blanketi mbili. Ni shali ya pembetatu: waanza na vitanzi vitatu hapo shingoni, kisha waongeza vinne kila baada ya safu mbili. Maelezo yanataka safu 200. Nilipofika safu ya 100 nikaiweka kando, nikijua nimefika nusu na nusu iliyobaki ni kazi ya wiki moja. Nimetumia mabonge mawili ya uzi, yamebaki matatu. Twaenda Wundanyi mwisho wa Julai, na mume wangu ameshamwambia mamake kuwa kuna zawadi njiani.

Wa nne ni kofia ya mtoto mchanga, maana wifi yangu atajifungua mwezi ujao. Hiyo nimeanzisha vitanzi tu. Wa tano ni skafu nyeusi ya mume wangu. Yeye ni dereva wa lori, Mombasa mpaka Malaba, na akipita Timboroa usiku anasema meno yanagongana. Nilichomoa sindano kwenye zile boshori za mteja nikamwanzishia skafu, kwa sababu sindano zangu si nyingi. Boshori nikaziendeleza kwa sindano nyingine alizoniletea dadangu kutoka Marekani. Sasa hiyo skafu imejikunja kingo zote mbili, imekuwa kama bomba. Wa sita ni mtandio wa pamba wa krosheti, wangu mwenyewe. Wa saba ni vitambaa vya makochi vya tangu ile kafyu: vilitakiwa kumi na viwili, viko vinne, na cha tano kimekwama na kulabu yake ndani.

Wiki iliyopita mambo matatu yalinifika. Mume wangu alirudi safari, akajitupa kwenye kochi, akakalia sindano. Nisiandike alichosema. Kisha yule mteja akanipigia nikiwa kwenye foleni ya feri, nikamwambia "zimekaribia kwisha, dada." Nilimdanganya. Na aibu ilivyonishika, badala ya kwenda nyumbani kumalizia, kesho yake nilipita dukani nikanunua mabonge mawili ya samawati, ya kazi ya nane. Nimeyaficha kwenye debe la unga.

Mwenzangu kazini ananicheka, anasema mshika mbili moja humponyoka, na mimi nimeshika saba. Je, nifumue vyote nianze upya na kimoja? Nimrudishie yule mama pesa zake niache kazi za watu? Au nianzie wapi?

Mwenye Mifuko Saba, Likoni

*

Marahaba, mwanangu.

Huyo mwenzako aliyekutolea methali, siku moja mpe sindano moja ya kufumia umwambie afume. Kazi hii yenyewe ni ya kushika mbili, na sijapata kuona mfumaji aliye na kazi moja tu, isipokuwa aliyejifunza jana. Kwa hivyo hesabu ya saba haikunishtua. Lile debe la unga ndilo lililonishtua, lakini tutalifikia.

Bibi zetu waliosuka mikeka hawakuwa na kazi moja moja. Ukili ulisukwa barazani, mtu akipiga soga, akinyonyesha, akimsikiliza mpita njia. Mkono ulikwenda wenyewe na macho hayakuhitajika. Ukifika pima kadhaa uliviringishwa ukawekwa. Kuushona ule ukili uwe mkeka ni shughuli nyingine kabisa: yataka sakafu ya kutandaza, mwanga, na watoto wawe wamelala. Kazi mbili za mtu mmoja, kila moja na wakati wake, na hazikugombana. Uzi wa sindano vilevile. Skafu ya vitanzi thelathini na kitu, mbele na nyuma mshono mmoja, hiyo ni kazi ya baraza. Shali ya kuongeza vitanzi ni kazi ya ndani. Ukiipeleka ya ndani barazani utaharibu hesabu, na ukikaa ndani usiku na ile ya baraza utasinzia.

Hilo ni dogo, ungelijua mwenyewe. Ninaloliona mimi katika barua yako ni kuwa umeweka deni na starehe kwenye foleni moja. Boshori na skafu ya mteja ni deni, tena la pesa. Shali ya mavyaa ni deni kwa sababu mumeo ameshaitangaza. Kofia ya mtoto ni deni kwa sababu mtoto hangoji. Basi. Mtandio wako una nani anayeusubiri? Vitambaa vya makochi vimekaa tangu 2020 na hakuna aliyekufa. Starehe inaweza kulala mfukoni miaka kumi na isikudai kitu. Wewe unakimbia deni ukajifiche kwenye starehe, halafu ukifika huko huistarehei, kwa sababu wamfikiria yule mama wa Limuru. Skafu ya mumeo sikuiweka kokote. Hiyo ni kosa, na nitakuambia la kufanya.

Kwanza kile kioja cha boshori. Si mkono wako, wala si shetani wa uzi. Umeandika kuwa sindano za kwanza ulizichomoa, ukaendelea na zilizotoka Marekani, na zote zimeandikwa 8. Sindano za mtindo wa Kiingereza, ambazo ndizo tulizozizoea huku kwetu, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Za Marekani ni kinyume: namba ikipanda sindano inakuwa nene. Namba 8 ya Kiingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Majina mamoja, watu wawili.

Sasa tazama linalotokea. Kwa uzi wa kawaida wa boshori na sindano ya milimita 4, mkono wa wastani hupata vitanzi 20 katika sentimita 10. Vitanzi mia moja ni sentimita 50, kofia ya kijana. Ukipanda hadi milimita 5, kila kitanzi kinavimba, unapata kama 18 katika sentimita 10. Vitanzi mia vilevile vinakupa sentimita 55 na nusu. Hivyo ndivyo vidole vyako vitatu. Leo hii kaa chini na sindano zako zote, zipime kwa kile kibati chenye matundu (wanaouza sindano huwa nacho, waweza kwenda nazo dukani wakakupimia), kisha andika milimita kwenye kichwa cha kila moja kwa kalamu isiyofutika. Namba iliyochapwa na mwenye kiwanda isahau.

Na hata sindano zikiwa zilezile, kazi iliyolala miezi miwili usiirukie. Mkono wa mtu hubadilika. Kuna siku wafuma umekaza kamba kwa sababu ya hasira, kuna siku umelegea. Tandaza rula, hesabu vitanzi ndani ya sentimita 10 za zamani, fuma safu nne tano, hesabu tena. Vikitofautiana badilisha sindano, usibadilishe roho yako.

Boshori hiyo kubwa usiifumue. Kofia ya kufuma hutakiwa iwe ndogo kidogo kuliko kichwa ili ishike, na sentimita 55 na nusu ni saizi nzuri ya kichwa cha mwanamume. Nyumbani kwako mna mwanamume anayelia baridi Timboroa, pahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Mpe. Akiwa usukani boshori itamfaa kuliko skafu, haimning'inii mbele ya gia. Wewe nunua bonge jingine la damu ya mzee la kuziba pengo. Kama rangi itapishana kidogo si neno, kwa kuwa ni kofia mbalimbali za watoto mbalimbali.

Skafu nyeusi ndiyo ya kufumua. Umeifuma kwa ule mshono ulio laini mbele na wenye vifundo nyuma, na mshono huo kujikunja kingo ni tabia yake, kwa kuwa upande mmoja unavuta kuliko mwingine. Hakuna dawa ya kweli baadaye. Na tafadhali usiipige pasi ukidhani itanyooka: uzi wetu mwingi wa madukani ni akriliki, na akriliki ikipata moto mkali hulegea moja kwa moja, hairudi tena. Ifumue, uzi uuzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge pahali panne, uufue kwa maji ya uvuguvugu, uutundike ukauke na kitu kizito chini. Skafu ikiondoka, unajua kinachobaki mkononi? Sindano za milimita 4, zile zile ambazo boshori za mteja zilikuwa zikizililia. Yaani mumeo alikuwa amekalia dawa yako.

Sasa shali, na hapa naomba ukae vizuri.

Umesema uko safu ya 100 kati ya 200, umefika nusu. Mwanangu, uko robo. Shali ya pembetatu haiendi kama skafu. Safu ya kwanza ina vitanzi vitatu, ya mia moja ina kama 203, ya mia mbili itakuwa na kama 403. Jumlisha. Mpaka sasa umefuma vitanzi elfu kumi na mia chache hivi. Safu mia zilizobaki zina vitanzi elfu thelathini na kitu. Ndiyo maana wengi huanza shali wakaona yakwenda mbio, kisha wakifika katikati wakaona sindano imekwama, wakajiona wavivu na kuanza kitu kingine. Si uvivu, ni safu kurefuka. Mfumaji wa wastani kwa kazi ya namna hiyo hufuma kama vitanzi 25 kwa dakika. Nawe jipime kwa saa ya simu. Elfu thelathini kwa mwendo huo ni saa ishirini, usiku ishirini wa saa moja moja.

Kuna na baya zaidi. Ikiwa robo imekula mabonge mawili, robo tatu zilizobaki zitakula sita. Wewe una matatu. Ungelifika safu ya mia na hamsini na kitu uzi ukakukatikia, Julai imeshafika, urudi dukani ukute rangi ni ileile kwa jina lakini si mkupuo uleule wa kutiwa rangi. Ile karatasi inayofunga bonge ina namba mbili, ya rangi na ya mkupuo, na shali ikichanganya mikupuo huonyesha mstari begani kama nguo iliyotiwa kiraka.

Basi usitafute mabonge matatu zaidi. Punguza shali. Kwa mabonge matano waweza kufika karibu safu ya 158, nami nakwambia simama kwenye 150, uzi unaobaki ufungie ukingo, maana ukingo mrefu hula uzi kuliko watu wanavyodhani. Itakuwa robo tatu ya urefu uliokusudiwa. Mavyaa wako ataitupia mabegani akiota jua nje asubuhi. Haihitaji kumfika magotini. Na kazi iliyobaki sasa si vitanzi elfu thelathini, ni kama elfu kumi na mbili na mia sita. Saa nane na nusu. Uzi unao, muda unao, na yule aliyeandika maelezo hatajua kamwe.

Hiyo ndiyo kazi yako ya usiku, baada ya isha, watoto wakilala. Kila ukiiacha andika kwenye kikaratasi safu uliyofikia na milimita za sindano, ukichomeke mfukoni pamoja na shali. Usiniambie utakumbuka. Ungekuwa wakumbuka usingeniandikia.

Mteja. Usimrudishie pesa. Kwanza najua zimeshaliwa na uzi. Pili, kumrudishia arbuni leo, baridi ya bara ndiyo hii imeanza, ni kumwachia atafute fundi mwingine akiwa amechelewa. Lakini uongo wa "zimekaribia" uufute leo, kwa ujumbe, si kwa simu, kwa sababu kwenye simu utaona haya utaongeza uongo mwingine. Mwandikie hivi: "Dada, samahani, nilikwambia zimekaribia na haikuwa kweli. Boshori moja iko tayari. Mbili na skafu zitakuwa tayari tarehe fulani. Kama watoto wameshaanza kuumwa na baridi, hii moja naituma kwa basi kesho na nauli ni juu yangu." Hilo neno la nauli usiliondoe, ndilo litakalomfanya akusome mpaka mwisho. Tarehe usiitoe kichwani. Boshori moja ya vitanzi mia ina kazi ya saa tatu na nusu hivi pamoja na kushonea, kwa hiyo mbili ni saa saba. Sentimita 90 za skafu, kama upana wake ni vidole kumi, ni saa nane nyingine. Ukipata saa moja na nusu kwa siku, deni la yule mama ni siku kumi. Mwambie wiki mbili, maana una watoto, na watoto wana homa zao.

Skafu hiyo ndiyo ya foleni ya feri, asubuhi na jioni. Ila mkishaingia ndani ya feri mmebanana bega kwa bega, sindano mkobani. Sitaki kusomewa barua ya mtu aliyechomwa ubavuni katikati ya kivuko.

Kofia ya mtoto ni jioni moja. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake ni kama sentimita 35 kwenda mzunguko. Anzisha vitanzi 64, upate sentimita 32, inavutika. Tumia pamba, si akriliki. Na mwambie wifi yako kwa upole kuwa ni ya kutokea hospitali na ya asubuhi yenye upepo wa kusi. Mtoto akilala ndani ya nyumba ya Mombasa avuliwe. Najua mashangazi watakuja na kofia tatu na masweta, wamvike mpaka awe kama mhamiaji wa Nyandarua. Kichwa ndipo mtoto anapotolea joto, na kwetu huku joto si kitu cha kumfungia ndani.

Zikibaki zile starehe mbili, zilaze vizuri. Krosheti ina neema ambayo sindano hazina: wakati wowote kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Chomoa kulabu, kitanzi kikamatishe kwa pini, ile ile unayobania mtandio, na kazi yaweza kulala hata mwaka bila kufumuka. Kulabu ya chuma iliyoachwa ndani ya uzi tangu 2020, na upepo wa chumvi wa Likoni, nina hakika imeshaacha doa la kutu. Paka limau na chumvi, anika juani, suuza, rudia. Vitambaa vinne vilivyokwisha vitandaze kwenye stuli nne, useme seti ilikuwa ya vinne. Hakuna atakayekuja na daftari.

Kisha lile debe la unga. Uzi wa samawati uutoe, si kwa toba, ni kwa sababu ya fukusi na unga utakaopikia watu. Uweke juu ya kabati, uuone. Kununua uzi si dhambi, na kuanza kuna utamu wake. Mimi mwenyewe kuna kofia ya kijani nimeianza mara nne. Lakini kazi ya mtu mwingine, ya pesa au ya ahadi, kuanzia leo usiipokee mpaka uwe na sindano zake zimelala bure, za milimita inazozitaka. Si sindano za kuchomoa kwenye kazi nyingine. Mtu akija, nenda kwanza kwenye mkebe wa sindano ukatazame. Kama hazimo, mwambie aje baada ya mwezi. Ulipochomoa zile sindano za boshori ndipo yote haya yalipoanza: boshori ikavimba, skafu ikawa bomba, mteja akadanganywa.

Ncha za sindano zikiwa hazitumiki zichomeke kwenye kipande cha sponji au kifutio cha watoto. Na mumeo akiondoka safari ijayo, mvalishe ile boshori ya damu ya mzee mlangoni, kabla hajauliza skafu imekwenda wapi. Akiuliza, mwambie ni mimi niliyeifumua.

Somo